Rekodi za Dunia Zilizomo Vinywani

Rekodi mojawapo ya dunia iko Kenya, kati ya Lamu na delta ya Mto Tana, na Wakenya wengi hawajawahi kuisikia. Wenye nayo ni Wadahalo, jamii ya watu mia chache tu, ambao lugha yao huendesha hewa kwa kila njia ambayo binadamu ameipata ya kuundia konsonanti. Njia ya kwanza sote tunayo: pumzi hutoka mapafuni, ikapita mdomoni au puani. Ya pili ni kufunga koo na kuisukuma nje hewa iliyobaki kinywani, konsonanti ikatoka kavu na kali. Ya tatu ni kushusha zoloto ili hewa ivutwe ndani kidogo. Ya nne ni kidoko: ulimi hunata kwenye meno au kaakaani, kisha hubanduka kwa mlio.

Lugha zenye njia zote nne ni za kuhesabika. Kiingereza hakimo, Kifaransa hakimo, Kiarabu hakimo. Kidahalo kimo, kikiwa na konsonanti zaidi ya 50. Tena kina sifa nyingine isiyo na mwenzake: ni lugha ya ukoo wa Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kiiraqw, na katika ukoo huo wote ndiyo pekee yenye vidoko. Wataalamu wengi wanadhani kwamba wahenga wa Wadahalo walikuwa na lugha nyingine kabla ya kuhamia Kikushi, na kwamba vidoko ni mabaki ya lugha hiyo ya kwanza.

Tanzania nayo ina lugha mbili za vidoko. Wasandawe wa upande wa Kondoa na Chemba, mkoani Dodoma, ni makumi ya maelfu. Wahadza wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi hawazidi sana elfu moja. Hakuna aliyethibitisha kwamba lugha hizo mbili zina udugu. Ukiacha hizo tatu za Afrika Mashariki na zile za kusini mwa bara letu, vidoko kama konsonanti za kawaida vimeandikwa mahali pamoja tu duniani: katika Kidamin, lugha ya jando ya Walardil wa kisiwa cha Mornington, Australia, ambayo wanaume walifundishwa wakati wa kuingizwa utu uzima.

Kidoko si muujiza wa maumbile. Ulimi hugusa sehemu mbili kwa pamoja, mbele na nyuma, ukafungia hewa kidogo katikati. Sehemu ya kati inashuka, ile hewa inapungua nguvu, kisha mbele panaachiwa ghafla na hewa ya nje inaingia kwa mlio. Kwa kuwa nyuma pamefungwa, pumzi ya mapafu inabaki huru kupita puani, ndiyo maana mtu anaweza kuvumisha wimbo huku anapiga vidoko bila kukatiza. Na kila Mswahili anayesonya kwa hasira tayari ameshauweka ulimi wake karibu na hapo. Tofauti ni kwamba sisi tunautoa mlio huo peke yake, kuonyesha kuchukizwa, na Msandawe anautia katikati ya neno la maji, la mtoto au la mnyama bila kupunguza mwendo wa mazungumzo.

Bingwa wa mabingwa ni Kitaa, ambacho vitabu vingi hukiandika !Xóõ, cha Botswana na Namibia. Wasemaji wake ni elfu chache. Sauti zake bainifu ni zaidi ya 100, na baadhi ya wataalamu huhesabu vidoko peke yake vikapita 80, kutegemea wanachanganua vipi. Hakuna lugha inayojulikana yenye hazina kubwa zaidi ya sauti. Aliyevitangaza vidoko ulimwenguni ni Miriam Makeba, kwa Kixhosa chake, lakini Kixhosa chenyewe kilivichukua vidoko kutoka kwa majirani wa jamii za Wakhoi na Wasan, waliokuwapo kusini kabla ya Wabantu kufika.

Nyingi kupita kiasi, chache kupita kiasi

Mtu mmoja aliwahi kubeba kinywani mwake konsonanti 84 za lugha ambayo mwishowe hakuna mwingine aliyeisema kwa ufasaha. Aliitwa Tevfik Esenç, mkulima wa Uturuki, na lugha yake ilikuwa Kiubykh. Watu wake walifukuzwa mwaka 1864 kutoka pwani ya Bahari Nyeusi, karibu na ulipo mji wa Sochi leo, baada ya vita na Urusi. Huko ugenini vizazi viliingia katika Kituruki na Kicherkesi. Esenç alilelewa na babu na bibi waliozungumza Kiubykh, na kwa miaka mingi alikaa na wanaisimu, akiwemo Mfaransa Georges Dumézil, akiwatamkia neno baada ya neno. Konsonanti 84 na irabu mbili tu! Ilibidi ulimi, midomo na koo vifanye kazi yote ambayo lugha nyingine huziachia irabu. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1992, na Kiubykh kikafa siku hiyohiyo.

Upande wa pili kuna Kirotokas cha kisiwa cha Bougainville, Papua New Guinea, ambacho lahaja yake ya kati ina sauti bainifu 11 tu: konsonanti sita na irabu tano. Alfabeti yake ni ya herufi 12. La ajabu ni kile kilichokosekana. Sauti ya m ipo katika zaidi ya lugha tisa kati ya kila kumi duniani, na ni miongoni mwa zile ambazo watoto wengi huanza nazo, lakini lahaja hiyo haina m wala n kama sauti za kujitegemea. Na bado Warotokas wanabembeleza watoto, wanagombana, wanasimulia, wanafundishana uwindaji. Hakuna lugha iliyopungukiwa.

Irabu zao tano, a, e, i, o, u, ni zetu pia. Mpangilio huo wa irabu tano ndio ulioenea kuliko mwingine wowote duniani, na hapo Kiswahili hakina rekodi ila ile ya kuwa pamoja na wengi. Ndiyo sababu Mhispania na Mjapani huziingia irabu zetu bila jasho, na Mwingereza, ambaye lugha yake ina irabu nyingi zinazoteleza, hulitamka jina la Kikwete kana kwamba e zake zina mkia wa i.

Ulimi unapopumzika

Watu wengi hudhani lafudhi ni jambo la sauti mojamoja: huyu hana r, yule hana sh. Lakini msingi wake uko chini zaidi ya hapo. Ulimi wa binadamu una misuli minane, hauna mfupa hata mmoja, na kati ya neno na neno haukai ovyo. Kila lugha ina kituo chake, mahali ambapo ulimi husubiri.

Mwenye kuliona hilo mapema ni John Wallis, Mwingereza, katika sarufi yake ya mwaka 1653. Aliandika kwamba Waingereza huisukuma sauti mbele ya kinywa, Wafaransa huiweka zaidi kwenye kaakaa, na Wajerumani huivuta kooni. Zaidi ya miaka 300 baadaye, mwaka 1964, Beatrice Honikman akalifafanua jambo lilelile kwa undani. Kwa Kiingereza, alisema, kingo za ulimi huegemea magego ya juu, huku na huku, na ncha inabaki huru kucheza. Kwa Kifaransa, ncha hupenda kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini na mwili wa ulimi ndio unaofanya kazi. Mtu anayejifunza sauti mojamoja bila kuhamisha kituo hicho atasema kila sauti sawasawa, na bado atasikika mgeni.

Kwa muda mrefu hayo yalikuwa maneno ya walimu wenye macho makali tu. Mwaka 2004 Bryan Gick na wenzake wa Kanada walichukua filamu za eksirei za wasemaji wa Kiingereza na wa Kifaransa, wakatazama vipande ambavyo hakuna aliyekuwa akisema chochote, yaani vile vituo vya kati ya sentensi. Ulimi wa kundi moja haukukaa pale ulipokaa wa kundi la pili. Hata kimya kilikuwa na lafudhi.

Kabla ya hapo watu walijitesa ili kuuona ulimi. Mwaka 1917, Daniel Jones wa London alitandaza mnyororo mwembamba wa risasi juu ya ulimi wake mwenyewe, akatamka irabu za pembeni kabisa za kinywa, naye akapigwa eksirei ili mnyororo uonekane kama mstari. Picha hizo ndizo zilizosaidia kuchora ramani ya irabu ambayo wanafunzi wa fonetiki huisoma mpaka leo. Peter Ladefoged, aliyefundisha Nigeria na baadaye Los Angeles, alibeba vifaa vya bei rahisi zaidi: unga wa makaa uliochanganywa na mafuta, brashi na kioo kidogo. Unampaka msemaji ulimini, anatamka neno moja, unaingiza kioo mdomoni, na weusi ulioachwa kaakaani unakuonyesha ulimi umegusa wapi. Mwaka 1996 yeye na Ian Maddieson walitoa kitabu kilichokusanya sauti za lugha za dunia. Ladefoged alifariki Januari 2006 akiwa njiani kurudi kutoka India, alikokwenda kuwasikiliza tena Watoda wa milima ya Nilgiri, wenye rekodi yao pia: lugha yao hutofautisha r za kimadende tatu, kwa kusogeza tu mahali ncha ya ulimi inapotikisikia.

Na hiyo r ya kimadende, wazazi wengi huhangaika mtoto akichelewa kuipata. Haitokani na nguvu. Hakuna msuli unaoweza kuutikisa ulimi kwa kasi ya mara 25 hivi kwa sekunde. Ncha huwekwa karibu na ufizi, ikalegezwa, na pumzi yenyewe ndiyo inayoipiga. Anayekaza ulimi hapati kitu. Hilo ni kosa la walimu wengi wanaomwambia mtoto ajikaze.

Somo la kale kuliko yote

Wahindi ndio waliotangulia. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, walinzi wa matini za Veda walikuwa wameshazipanga konsonanti za Kisanskriti kwa mahali zinapotokea, kuanzia kooni kuja mbele mpaka midomoni, na alfabeti za India zimefuata mpango huo hadi leo.

Somo letu sisi watu wa pwani ni la Sibawayhi, mwanasarufi wa Basra wa karne ya 8, Mwajemi aliyeandika sarufi kuu ya Kiarabu. Alizipanga herufi kwa makharija 16, yaani mahali zinapotokea, na baadaye Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, akazifikisha 17, kumi kati yake zikiwa za ulimi. Elimu hiyo, iitwayo tajwidi, ilipanda jahazi pamoja na Kurani. Kwa karne nyingi mtoto wa Lamu, Unguja au Kilwa ameketi juu ya mkeka chuoni, akaambiwa na maalimu ang'ate ncha ya ulimi kwa ajili ya dhali, auegemeze ubavu wa ulimi kwenye magego kwa ajili ya dhadi. Tajwidi ni fonetiki ya vitendo, na nadhani ndilo darasa la nafasi za ulimi lililodumu muda mrefu kuliko jingine lolote Afrika Mashariki. Inanisikitisha kwamba vitabu vyetu vya fonetiki ya Kiswahili huanzia London na kuliruka.

Waarabu wenyewe huita lugha yao lugha ya dhadi, kwa kuamini kwamba hakuna taifa jingine lenye sauti hiyo. Sibawayhi aliieleza kuwa ya ubavu wa ulimi. Waarabu wengi wa leo hawaitamki tena hivyo. Kiswahili kilipopokea maneno ya Kiarabu, kilizikusanya herufi tatu mahali pamoja. Dhahabu ina dhali, dhuluma ina dha, ardhi ina dhadi, nasi tunazitamka zote kwa ncha ya ulimi kati ya meno.

Hapo ndipo Kiswahili kinaposhika nafasi ya juu bila wenyewe kujua. Sauti za th na dh zipo katika lugha chini ya moja kati ya kila kumi duniani. Mfaransa, Mjerumani, Mrusi na Mjapani huhangaika nazo miaka wanapojifunza Kiingereza. Mtoto wa Pemba anayesema thamani, thelathini na dhambi ameshazimaliza kabla hajaanza shule. Huku bara, wengi husema samani, selasini na zambi, maana lugha zao za nyumbani hazina sauti hizo. Lakini Wakikuyu na Wakamba wanayo dh katika lugha zao wenyewe, wakiiandika th, na haikutoka kwa Waarabu. Mkikuyu anayechekwa kwa kusema rara badala ya lala ana sauti adimu mdomoni ambayo anayemcheka huenda hana.

Pwani ina utajiri mwingine unaopotea. Watu wa Mombasa na Lamu hutofautisha t mbili: ile ya mato, yaani macho, ulimi ukigusa meno, na ile ya tatu, ulimi ukirudi kwenye ufizi. Wadahalo nao wana tofauti hiyohiyo. Tena kuna mpumuo. Chukua kipande cha karatasi nyepesi, kiweke mbele ya midomo ya mzee wa pwani, umwombe ataje paa la nyumba, kisha paa wa porini. Kwa la nyumba karatasi hutulia. Kwa mnyama hupepea. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo, shule hazifundishi, na kizazi cha redio kinaiacha.

Bado kuna moja ambalo karibu sote tunalo. Weka kidole kwenye zoloto, useme baba, bado, jana. Wengi wetu tutahisi zoloto linashuka kidogo: b, d, j na g zetu, zisipotanguliwa na m au n, huvuta hewa ndani badala ya kuisukuma nje. Sasa sema mbali, ndani. Zoloto halishuki vile. Mgeni aliyejifunza Kiswahili vizuri, sarufi safi, msamiati mpana, mara nyingi hujulikana kwa baba yake tu. Amezitamka b zote mbili kwa pumzi ya kwao.

R na L

Hakuna jozi ya sauti iliyowafanya watu wa Afrika Mashariki wachekane kuliko hii. Kenya wanaita kushrabu, na kuna wachekeshaji walioishi kwa hilo. Mimi sioni kicheko. Mganda hachanganyi l na r. Ana sheria, na anaifuata kuliko tunavyofuata zetu: baada ya e na i ulimi hupiga r, kwingine l. Kikuyu hakina l. Mluo hana sh, basi shamba inakuwa samba. Kila mmoja anatamka Kiswahili akiwa amesimama kwenye kituo cha ulimi alichopewa na mama yake, na sikio lake nalo limefungwa hapohapo.

Sikio hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba watoto wa miezi sita waliolelewa kwa Kiingereza hutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii kabisa. Walipokaribia kutimiza mwaka, uwezo huo ulikuwa umekwisha. Msikilizaji bora kuliko wote duniani, basi, bado hajajua kutambaa.

Na lafudhi changa kuliko zote ina umri wa siku chache. Mwaka 2009, timu ya Birgit Mampe na Kathleen Wermke ilirekodi vilio vya watoto wachanga 60, nusu Wafaransa, nusu Wajerumani. Vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda, vya Wajerumani kushuka, kama sentensi za mama zao. Wimbo wa lugha walikuwa wameusikia wakiwa tumboni.

Lafudhi iliyofuatiliwa muda mrefu kuliko nyingi ni ya Malkia Elizabeth wa Pili. Jonathan Harrington na wenzake walipima irabu katika hotuba zake za Krismasi za miaka ya 1950 na kuzilinganisha na za miaka ya 1980, wakatoa matokeo mwaka 2000. Irabu zake zilikuwa zimesogea kuelekea zile za vijana wa kusini mwa Uingereza, ingawa hakufika walipo. Mtu ambaye Kiingereza kiliitwa kwa cheo chake hakuweza kuuzuia ulimi wake usifuate wananchi.

Umbali mkubwa kuliko wote kati ya kalamu na ulimi nampa Joseph Conrad. Alizaliwa Mpolandi mwaka 1857, akajifunza Kiingereza akiwa baharia katika miaka yake ya 20, akasafiri Mto Kongo mwaka 1890, na akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa lugha hiyo. Hadi anakufa mwaka 1924, lafudhi yake ya Kipolandi ilikuwa nzito kiasi cha kuwasumbua wasikilizaji. Mwanaisimu Thomas Scovel aliita hali hiyo kwa jina lake. Kumbe mtu anaweza kuifahamu lugha mpaka mizizi na ulimi ukakataa kuhama.

Ya kusikitisha zaidi ni ya mwanamke wa Oslo anayetajwa na madaktari kwa jina la Astrid L. Mwaka 1941 kipande cha bomu kilimjeruhi kichwani. Alipopata tena maneno, Kinorwei chake kilitoka na wimbo uliowafanya watu wamdhanie Mjerumani, naye hakuwahi kuishi nje ya nchi. Norwei ilikuwa chini ya jeshi la Hitler. Madukani walikataa kumhudumia. Daktari Monrad-Krohn aliandika habari yake mwaka 1947, na hadi leo maradhi hayo, ambayo yamewapata watu wachache sana, huelezwa kwa kuanza na yeye.

Sauti zilizoua

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia vivuko vya Yordani. Watu wa Gileadi walimtaka kila mpitaji aseme shibolethi. Waefraimu hawakuwa na sh, wakasema sibolethi, wakachinjwa. Maandiko yanataja 42,000. Mwaka 1302 huko Brugge, kwa mujibu wa masimulizi, Waflandria waliwabaini Wafaransa kwa maneno mawili ambayo ulimi wa Kifaransa haukuyaweza.

Oktoba 1937, Rais Trujillo wa Jamhuri ya Dominika aliamuru mauaji ya Wahaiti waliokuwa wakiishi karibu na mpaka. Maelfu waliuawa kwa siku chache, wengi kwa mapanga. Inasimuliwa kwamba askari waliwaonyesha watu tawi la mboga iitwayo perejil na kuwataka walitaje jina lake. Aliyeshindwa kuipiga r ya Kihispania kwa ncha ya ulimi, akaitoa nyuma ya kinywa kama wanavyofanya wasemaji wa Krioli ya Haiti, alihukumiwa hapohapo. Wanahistoria wanabishana ni mara ngapi jaribio hilo lilitumika kweli, maana wauaji wengi walikuwa majirani waliowajua waliowaua. Lakini mauaji yenyewe hayana ubishi, na kila nikisikia watu wakilazimishana kutaja neno ili wajue mtu ametoka wapi, jambo hili hunijia.

Mbio

Kwa kasi, rekodi inayotajwa sana ni ya Sean Shannon wa Kanada, aliyesema maneno 260 ya Hamlet kwa sekunde 23.8 mjini Edinburgh, tarehe 30 Agosti 1995. Ni sawa na maneno 655 kwa dakika. Ulimi mrefu kuliko wote uliopimwa kwa mwanamume ni wa Mmarekani Nick Stoeberl, sentimita 10.1, na urefu huo hausaidii matamshi hata kidogo.

Kitanza ndimi kigumu kuliko vyote, kwa waliopima, kilitangazwa Desemba 2013 na Stefanie Shattuck-Hufnagel wa MIT: maneno sita ya Kiingereza yasiyo na maana pamoja, ambamo p, k, d na l hupokezana bila mpango mmoja. Wengine walioombwa kukirudia kwa haraka walinyamaza kabisa katikati. Midomo, ncha na shina la ulimi vinagombea zamu. Chetu cha wali wa Liwale hukwamisha kwa njia nyingine: l na w zimefanana mwendo kiasi kwamba ulimi na midomo husahau nani amekwisha pita.

Kuhusu lugha nzima, Kijapani na Kihispania hukimbia silabi nyingi kwa sekunde, Kithai na Kivietinamu huenda polepole. Mwaka 2019 Christophe Coupé, François Pellegrino na wenzao walipima lugha 17, wakakuta kwamba zinazokimbia hubeba habari kidogo katika kila silabi, na za polepole hubeba nyingi. Zote huangukia karibu biti 39 kwa sekunde.

Ulimi wenye vituo viwili

Kwa anayetaka kuhama, utafiti una habari njema. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni waliwafundisha Wajapani watu wazima kutofautisha r na l za Kiingereza kwa kuwasikilizisha jozi za maneno kutoka vinywani mwa watu mbalimbali, si mwalimu mmoja. Masikio yalifunguka. Mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake wakaonyesha kwamba mafunzo ya kusikiliza peke yake yaliboresha hata matamshi, bila ya wanafunzi kufundishwa kutamka. Mwenye kutaka th ya Pemba, basi, asianze na kioo. Aanze na wazee watano wa Pemba.

Bingwa wa mwisho alipatikana Kanada. Ian Wilson na Bryan Gick, katika kazi waliyoitoa mwaka 2014, waliwapima watu wenye Kiingereza na Kifaransa, wakitafuta ulimi unakaa wapi wanaponyamaza. Waliosikika kama wazawa katika lugha zote mbili walikuwa na vituo viwili: wakiwa katika Kiingereza ncha ilisubiri juu zaidi, wakigeukia Kifaransa ikashuka. Watoto wa Kigoma, Bukavu na Kisumu wanaobadilisha lugha tatu kabla ya chakula cha mchana wanastahili kupimwa vilevile.